Mbio za kupokezana za ngalawa ziwani: maana yake

Ukitaja mbio za kupokezana, wengi wetu tunamwona mwanariadha aliyenyoosha mkono nyuma akisubiri kijiti. Katika mbio ndefu za ngalawa kijiti hakipo. Wanachopokezana ni kiti, tena ndani ya chombo ambacho hakisimami. Aliyechoka anajitosa majini upande mmoja, mwenzake mwenye nguvu mpya anapanda kutoka majini upande wa pili, na waliobaki ndani wanaendelea kupiga kafi.

Neno ngalawa nalo lisituchanganye. Ngalawa tunayoijua ina tanga, na ina matengo mawili, yaani yale maboya ya mbao ya pembeni yanayoizuia isipinduke, kulia na kushoto. Hii ya mashindano haina tanga, na tengo lake ni moja tu, kwa kawaida la kushoto. Imetoka visiwa vya Pasifiki. Wahawaii huliita tengo hilo ama, na ile miti miwili inayoliunganisha na mtumbwi huiita iako. Watahiti wao chombo kizima hukiita va'a. Undugu upo, maana ngalawa ya Afrika Mashariki yenyewe huhusishwa na mabaharia waliozungumza lugha za ukoo huohuo wa Kiaustronesia. Kwa hiyo sioni haja ya kubuni jina jingine.

Inayoshindaniwa zaidi ni ya watu sita. Urefu wake unakaribia mita 14, na ni nyembamba kiasi kwamba bila tengo ingebiruka watu wakiwa bado wanakaa. Kila mmoja ana kafi moja yenye bapa moja. Wanapiga upande mmoja mapigo kama kumi na mawili au kumi na matano, anasikika mmoja akitoa ukelele, kisha wote wanahamia upande wa pili kwa pamoja. Wa kwanza, aliye omo, yaani mbele kabisa, ndiye anayeweka mwendo. Wa katikati ndio nguvu ya chombo. Wa sita, tezini, yaani nyuma kabisa, anaongoza, na chombo hiki hakina usukani wa kufungwa: anaongoza kwa kafi yake.

Sasa, kwa nini wapokezane? Kwa sababu ya umbali. Moloka'i Hoe, mbio za wanaume zilizoanza mwaka 1952 huko Hawaii, zinavuka mlango wa bahari kati ya visiwa vya Molokai na Oahu, kilomita 66 hivi. Kazi hiyo inachukua saa nyingi, na mtu akipiga kafi kwa nguvu zote hawezi kuidumisha kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Dawa ni kuwa na watu wengi kuliko viti. Chukua kikosi cha watu tisa kwenye mbio za saa tano. Viti sita kwa dakika 300 ni dakika 1,800 za kazi. Gawanya kwa tisa, kila mmoja anapata dakika 200. Theluthi moja ya muda wote anapumzika ndani ya mashua ya kusindikiza, akinywa maji na kunyoosha mgongo.

Kila kubadilishana kuna gharama yake, na hapo ndipo vikosi hutofautiana. Ngalawa inayokwenda kilomita 12 kwa saa inakata mita 200 kila dakika. Kikosi kinachopoteza sekunde kumi kila kinapobadilisha watu, kikibadilisha mara kumi na tano, kitakuwa kimeachwa nyuma nusu kilomita nzima bila mtu yeyote kuwa mvivu. Ukiwa ufukweni huoni lolote. Unaona tu kwamba ngalawa mbili zilizokuwa sambamba hazipo sambamba tena.

Kubadilishana kwenyewe huenda hivi. Mashua ya kusindikiza inatangulia mbele ya ngalawa, inawashusha majini watu wapya, mara nyingi watatu, kisha inajitenga pembeni ili mawimbi yake yasimsumbue mtu. Wale watatu wanajipanga mstari mmoja, wameachiana nafasi inayolingana na viti wanavyovifuata, mikono juu ili wa tezini awaone. Yeye anaielekeza ngalawa iwapitie upande wa tengo, karibu kabisa. Inapowafikia, wanaotoka wanajiangusha upande wa kulia. Wanaoingia wanashika ukingo kushoto, kati ya mtumbwi na tengo, na kujivuta ndani kwa mkupuo mmoja. Upande huo haukuchaguliwa kwa bahati: mtu anayening'inia kushoto analemea tengo, na tengo linaelea, linamstahimili. Angening'inia kulia, tengo lingenyanyuka na wote wangeogelea. Watatu waliobaki ndani hawaachi kupiga kafi, kwa maana chombo kikishasimama kukiamsha tena ni kazi kubwa kuliko kukiendesha.

Kisha mashua inawafuata waliotoka na kuwaokota, injini ikiwa haizungushi rafadha, yaani pangaboi lake. Hili halina mzaha, kuna miguu ya watu majini.

Ipo pia ngalawa ya mtu mmoja, nyepesi kiasi cha kubebwa begani na mtu mmoja. Hapo wanapokezana wawili: mmoja anapiga kafi nusu saa hivi, mwingine yuko kwenye mashua. Ngalawa hii ina usukani unaoendeshwa kwa miguu, na mpiga kafi wake mara nyingi amejifunga kwa kamba ili upepo usimnyang'anye chombo akianguka. Wasiozoea husahau kuifungua kamba hiyo wakati wa kubadilishana.

Haya yote yalizaliwa baharini. Ukiyahamishia ziwani kanuni zinabaki zilezile, lakini maji yana tabia nyingine.

Kwanza mawimbi. Baharini mawimbi hutoka mbali, ni marefu, na kikosi chenye ujuzi huyapanda na kusukumwa bure, huku mikono ikipata nafuu. Ziwani wimbi halina pa kukulia. Upepo hulitengeneza fupi na la karibukaribu, kiasi kwamba ngalawa ya mita 14 inakanyaga migongo kadhaa kwa wakati mmoja na haiteremki popote. Usafiri wa bure unapungua, nao uchovu unakuja mapema. Na kwa kuwa upepo wa ziwani mara nyingi huchachamaa jua likishapasha moto nchi kavu, mbio nyingi huanza alfajiri, maji yakiwa kama kioo, ili wasiangukiwe na upepo wa mbisho katika kilomita za mwisho.

Pili, maji baridi hayana chumvi. Ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia kama 2.5. Ngalawa haisumbuki sana: chombo na watu wake vikiwa na uzito wa kilo 660, tofauti ni kama lita 16 tu za maji yanayosukumwa pembeni, kwa hiyo kinazama kidogo zaidi. Anayesumbuka ni yule anayesubiri mbele akiwa na mikono juu. Mwili unaoelea kwa taabu baharini, ziwani unaanza kuzama, na mtu anatumia miguu kabla hajaanza kazi aliyokuja kuifanya.

Tatu, baridi na mwinuko. Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada nchini Marekani, liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na lina urefu wa kilomita 35 hivi, umbali wa kutosha kwa mbio ndefu. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na mpiga kafi aliyetoka usawa wa bahari analijua hilo mapema. Maji yake ni ya baridi, na mtu akijitosa ghafla kwenye maji ya namna hiyo pumzi humkatika, anatweta bila kutaka. Ndiyo sababu kwenye maziwa baridi baadhi ya vikosi hupunguza idadi ya mabadilishano, na nahodha wa mashua hawashushi watu hadi ngalawa iwe imekaribia kweli.

Si kila mbio ndefu ya ngalawa ni ya kupokezana. Hawaiki Nui Va'a, inayofanyika visiwa vya Polinesia ya Kifaransa tangu mwaka 1992, huchukua siku tatu, na watu sita walioanza hatua ya siku ndio wanaoimaliza. Huo ni mtihani wa ustahimilivu wa watu sita. Katika kupokezana unapimwa mpango wa kikosi kizima, pamoja na nahodha wa mashua ambaye hashiki kafi. Matokeo huandikwa kwa jina la kikosi, na kati ya washindi wamo watatu waliovuka mstari wa mwisho wakiwa wamekaa kwenye mashua, wamejifunika taulo, wakitetemeka.