Je, wajua kwa nini majani makavu hushusha pH ya tangi moja la samaki na kushindwa katika jingine?

Wafugaji wa samaki wa mapambo hutia majani makavu ya mti wa mkungu, vipande vya magogo au udongo wa peti (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) ndani ya matangi yao, wakitarajia kwamba maji yatapata uasidi unaowafaa samaki wenye asili ya mito ya misituni. Mara nyingine matarajio hayo hutimia baada ya wiki chache. Mara nyingine maji hugeuka rangi ya chai iliyokolea ilhali kipimo cha pH hakisogei hata kidogo. Ni rahisi kulilaumu jani, lakini sababu kubwa ya tofauti hiyo imo ndani ya maji yenyewe, na ilikuwamo kabla jani halijatiwa.

Kipimo cha pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark Søren Sørensen, huonyesha wingi wa ioni za hidrojeni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji ya umeme, katika maji. Namba 7 ni ya maji yasiyo asidi wala alkali. Chini yake uasidi huzidi, juu yake ualkali huzidi. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni badiliko la mara 10, kwa hiyo maji yenye pH 6 yana ioni za hidrojeni mara 10 kuliko maji yenye pH 7, na mara 100 kuliko yale yenye pH 8. Ndiyo maana kushuka kutoka 7.5 hadi 6.5 si jambo dogo kwa samaki, hata kama kwenye karatasi ni tofauti ya namba moja tu.

Jani likifa na kukauka hubakiwa na tanini, kemikali ambazo mti hutumia kujikinga dhidi ya wadudu na kuvu. Likilowa, tanini hizo huyeyuka na kutoka taratibu, na bakteria na kuvu wanapoendelea kulivunjavunja jani, huzalishwa pia asidi za humiki na za fulviki. Hizi zote ni asidi dhaifu. Hutoa ioni za hidrojeni kwa kiasi kidogo kidogo, na ndizo zinazoyapa maji rangi ya kahawia ya manjano. Msomaji akumbuke neno hilo, dhaifu, kwa sababu ndilo linaloamua yote yanayofuata.

Maji mengi ya bomba na ya visima huwa yamepita kwenye miamba ya chokaa na kubeba bikaboneti, kemikali itokanayo na chokaa iliyoyeyuka. Ioni ya hidrojeni inapoingia katika maji ya namna hiyo, bikaboneti huidaka, na kinachotokea ni maji pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Kwa hiyo asidi ya jani humezwa kabla haijapata nafasi ya kubadili pH. Uwezo huu wa maji kuzuia badiliko huitwa ugumu wa kaboneti, na hupimwa kwa digrii, ambapo digrii moja ni sawa na takriban miligramu 17.8 za kalisi kaboneti katika lita moja. Maji yenye digrii 10 yanaweza kujazwa majani hadi samaki wasionekane, na pH ikabaki palepale au ikashuka kidogo mno. Maji yenye digrii moja au mbili yanaweza kuonyesha badiliko kwa majani machache tu.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wengi. Ile kaboni dioksidi inayozalishwa asidi inapokutana na bikaboneti hubaki ndani ya maji kwa muda, nayo pia huongeza uasidi, hivyo mtu akipima mapema huona pH imeshuka na kufurahi. Gesi hiyo ikishatoka hewani, hasa katika tangi lenye pampu ya hewa, pH hupanda tena kuelekea ilikokuwa. Anayeongeza kitu kingine kila anapoona imepanda huwaingiza samaki wake katika kupanda na kushuka kusikokoma, hali ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko pH ya juu kidogo iliyotulia.

Ushahidi mkubwa wa maelezo haya uko katika bonde la mto Amazoni. Mto Negro una maji meusi yenye pH ambayo mara nyingi huwa kati ya 4 na 5, na huko ndiko anakotoka samaki mdogo wa rangi nyekundu na buluu aitwaye kadinali tetra. Karibu na mji wa Manaus mto huo hukutana na mto Solimões wenye maji ya tope, na mito hiyo miwili hutiririka ubavu kwa ubavu kwa kilomita kadhaa kabla ya kuchanganyika. Yote miwili hupita katika misitu inayoangusha majani mwaka mzima. Hata hivyo Solimões hushuka kutoka milima ya Andes ukiwa umebeba madini, wakati Negro hukusanya maji yake katika ardhi kongwe, ambayo sehemu kubwa yake ni mchanga uliokwisha kuoshwa chokaa yake na mvua. Majani yapo kote; asidi imeshinda pale tu ambapo haikuwa na wa kuipinga.

Kwa sababu hiyo anayetaka kweli kushusha pH huanza na maji, si na majani. Hupima ugumu wa kaboneti, kisha huupunguza kwa kuchanganya maji yake na maji safi ya mvua au maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi rejeshi, unaoondoa karibu madini yote. Hapaswi kuufikisha sifuri, kwa kuwa maji yasiyo na bikaboneti kabisa yanaweza kuporomoka pH kwa usiku mmoja. Pia huondoa ndani ya tangi makombe, matumbawe na mawe ya chokaa, ambayo huyeyuka polepole na kurudisha kile kinachopunguzwa.

Hapo ndipo majani huwa na kazi. Yanayofaa ni yale yaliyokauka na kuanguka yenyewe, kwa sababu jani bichi lina sukari na utomvu unaowalisha bakteria kupita kiasi, na bakteria hao humaliza oksijeni. Ya mkungu, ya mwaloni na ya mbuki hutumiwa sana, pamoja na koni ndogo za mti wa alda zenye tanini nyingi kwa ukubwa wake. Wengi huanza na jani moja kubwa la mkungu kwa lita 20 hadi 40, kisha huongeza kwa kufuata kipimo. Magogo hutoa tanini pia, ila kwa kasi inayopungua kadiri yanavyozeeka. Inashangaza kuona mtu akichemsha majani mara tatu ili kuondoa rangi, kisha akashangaa kwamba hayabadilishi pH: alichokitafuta amekimwaga pamoja na maji ya kuchemshia.

Peti hufanya kazi kwa njia ya ziada. Hutokana na kuvumwani wa kinamasi aina ya sphagnum, ambaye kuta za seli zake hushika ioni za kalisi na magnesi na kuachia za hidrojeni badala yake. Hivyo peti hupunguza ugumu wa maji huku ikiongeza uasidi, na ndiyo sababu ina nguvu kuliko majani. Huwekwa katika mfuko wa wavu ndani ya kichujio na hubadilishwa inapochoka. Lakini vinamasi inakochimbwa huchukua maelfu ya miaka kujengeka, na majani hayana gharama hiyo.

Katika kupima, rangi ya kahawia inaweza kuvuruga usomaji wa vipimo vya matone, ambavyo husomwa kwa rangi, kwa hiyo kipimo cha kielektroniki kilichosawazishwa ni bora. Mkaa amilifu ndani ya kichujio hufyonza tanini na kuzuia kazi ya majani.

Hatari inayosahaulika zaidi inahusu amonia, taka inayotolewa na samaki. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika umbo lenye sumu kali. Kwenye pH 8 ni zaidi ya asilimia 5. Katika maji yenye asidi karibu yote huwa amoniamu, ambayo haina madhara makubwa, lakini bakteria wanaoibadilisha kuwa naitreti hudhoofika pH inapokaribia 6, hivyo amoniamu huweza kurundikana bila samaki kuonyesha dalili. Mfugaji akimwaga maji mengi mapya ya alkali kwa mara moja, akiba hiyo hugeuka sumu papo hapo. Maji ya kubadilishia huandaliwa kwanza yakaribiane na ya tangi kwa pH na ugumu, kisha hutiwa kidogo kidogo.