Acheni kufuta -ing baada ya "to"

Barua za maombi ya kazi zinazoandikwa hapa Dar es Salaam mara nyingi hufungwa kwa "I look forward to hear from you". Hilo ni kosa, lakini ni dogo, na mwombaji hastahili kulaumiwa sana. Kinachoniudhi ni pale mwombaji alipoandika "hearing" kwa usahihi, halafu msahihishaji mwenye kalamu nyekundu akaikata -ing na kueleza pembeni kwamba baada ya "to" kitenzi hubaki kama kilivyo. Sentensi iliyokuwa sawa inaharibiwa kwa kanuni ambayo haipo, na aliyeiandika vizuri anaondoka akiamini alikosea.

Kanuni iliyopo ni hii: kitenzi kikifuata kihusishi moja kwa moja, huvaa -ing. "After eating", "before signing", "without asking", "instead of waiting", "tired of standing". Wakati hauhusiki: "Before leaving, she paid" na "Before leaving, she will pay" zote ni sawa. Sehemu hii haimsumbui mtu, kwa hiyo tuendelee.

Tabu inaanzia kwenye ku- yetu. Kwa Kiswahili ku- inafanya kazi zote mbili: nataka kula, baada ya kula, naweza kusoma, kwa kusoma. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: "I want to eat", lakini "after eating". Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba ku- ni "to" na -na- ni -ing ataandika "after to eat" kwa kufuata kwa uaminifu kile alichofundishwa. Mwingine atashangaa: katika "before eating", tendo linaendeleaje na bado halijaanza? Swali hilo ni zuri na linastahili jibu, si kuambiwa "kariri tu".

Jibu ni kwamba -ing ya baada ya kihusishi haielezi tendo linaloendelea. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi viwili tofauti. Kimoja, -ung au -ing, kiliunda nomino kutokana na kitenzi, kama ku- yetu ya kitenzijina. Kingine, -ende, kilimweleza mtu au kitu kinachotenda. Katika kipindi cha Kiingereza cha kati, takribani kati ya mwaka 1150 na 1500, maumbo hayo mawili yaliungana yakabaki na sura moja. Kwa hiyo "she is eating" na "after eating" zinafanana kwa sura tu. Kazi zake ni mbili.

Je, hii ya pili ni nomino au ni kitenzi? Hapa vitabu vya shule hujibu kwa uhakika kuliko inavyostahili. Katika "by selling fish", "selling" imekaa mahali pa nomino, lakini imebeba yambwa yake, yaani "fish" inayotendwa, kama kitenzi, bila "of". Mwaka 2002 wanaisimu Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum waliacha kabisa kuigawa -ing ya vitenzi katika makundi mawili ya kimapokeo, "gerund" (ya kinomino) na "participle" (ya tendo), wakaipa jina moja. Mimi nafundisha mgawanyo huo kwa sababu unamsaidia Mswahili kuiona ku- ndani yake, lakini sitaapa kwamba mpaka uko wazi kila mahali.

Sasa "to" yenyewe. Ziko mbili: moja ni alama ya kitenzi, kama katika "want to go", na nyingine ni kihusishi kamili, kama katika "go to Bagamoyo". Kuzitenganisha ni rahisi: ondoa kitenzi, weka "it" au nomino. "I look forward to it" inasimama, kwa hiyo andika "I look forward to hearing". "I want to it" inaanguka, kwa hiyo andika "I want to hear". Kwa kipimo hichohicho utapata "We object to paying twice", "They are opposed to raising fares", "in addition to teaching", "with a view to buying the plot", "when it comes to cooking pilau". Zote hizi nimeziona zikikatwa -ing na watu wanaojiamini kabisa.

Inayonichosha kuliko zote ni "used to", kwa sababu ndani yake mna mambo matatu na watu huyachanganya. "I used to drive in Kariakoo" maana yake nilikuwa naendesha Kariakoo zamani, sasa siendeshi tena. "I am used to driving in Kariakoo" ni nimezoea kuendesha huko, foleni na mikokoteni havinisumbui. "This knife is used to cut meat" ni hutumika kukata nyama. Ukiandika "I am used to drive in Kariakoo" ukikusudia mazoea, umejitia kwenye kundi la kisu: unatumika kuendeshea. Hata sikio linasaidia. Mbili za kwanza hutamkwa kwa "s" na "d" haisikiki, karibu na "yustu". Ya kisu hutamkwa kwa "z". Kinachoamua ni hiki: kama kuna "am", "is", "was" au "get" kabla ya "used" na unakusudia mazoea, -ing ni lazima.

Kipimo cha "it" hakitoshi kila mahali, na ni haki msomaji alijue hilo. "We agreed to it" inasimama, lakini watu husema "We agreed to pay". "You are entitled to it" inasimama, lakini ni "entitled to receive a refund", si "receiving". Kwa hiyo "it" ikikataa, una uhakika kwamba -ing haitakiwi. Ikikubali, umejua tu kwamba neno hilo linaweza kuchukua kihusishi. Bado utafute mfano wake kwenye kamusi. Mengine huruhusu yote mawili: "Jangwani is prone to flooding" na "prone to flood". Kwa "committed to" nashauri -ing, ingawa waandishi wazuri wa Kiingereza wakati mwingine huenda kinyume.

Kanuni ya mwanzo nayo ina vighairi. "But" na "except" zikitanguliwa na "do" huacha kitenzi kitupu: "He does nothing but complain". "About" ikiwa na maana ya kukaribia kutenda huchukua "to": "The ferry is about to leave". Na "despite" haitaki "of" kamwe. Hiyo ni mali ya "in spite of". Andika "despite arriving late".

Ugumu mwingine ni kwamba kihusishi chetu mara nyingi kimejificha ndani ya kitenzi. Kisu cha kuparia samaki: ile -ia ndiyo inayobeba kazi ya "for" katika "a knife for scaling fish". Mwanafunzi haoni neno la kutafsiri, kwa hiyo analiruka, kisha -ing nayo inakosa mahali pa kukaa. Tofautisha pia "by", inayoonyesha njia, na "on", inayoonyesha mara tu jambo linapotokea: "On reaching Ubungo, call me" ni ukifika tu Ubungo nipigie.

La mwisho ni nani anayetenda. Kiswahili huvumilia "Baada ya kupika wali, wageni walifika", na kila mtu anaelewa kwamba wageni hawakushika mwiko. Kiingereza cha kuandika hakivumilii hivyo. "After cooking the rice, the guests arrived" inasomeka kwamba wapishi ni wageni, kwa sababu -ing isiyo na mtendaji wake huchukua kiima cha sentensi kuu. Mtaje mpishi: "After we had cooked the rice, the guests arrived". Hapo ndipo -ing inapaswa kuondoka, na hapo ndipo kalamu nyekundu hupita bila kuona kitu.