Xinomavro ni zabibu gani?

Xinomavro ni zabibu nyekundu ya asili ya kaskazini mwa Ugiriki, na hulimwa kwa ajili ya mvinyo. Jina lake ni maneno mawili ya Kigiriki yaliyoungana: xino ni yenye uchachu, mavro ni nyeusi. Hutamkwa "ksinomavro", na mkazo huangukia "no", si "ma" kama ulimi wa Kiswahili utakavyotaka.

Sehemu ya kwanza ya jina ni kweli tupu. Ya pili humpotosha mtu. Tunda likiiva ni jeusi kweli, lakini mvinyo wake ni mwekundu mwepesi, unapitisha mwanga, na baada ya miaka michache chupani huanza kugeuka rangi ya matofali ukingoni mwa glasi. Anayepima mvinyo kwa macho ataudhania dhaifu. Fundo la kwanza litamsahihisha: kwanza uchachu unaotoa mate, halafu ukakasi unaokaza ulimi na ufizi. Ukakasi huo hutokana na tanini, kama ule unaousikia ukila bibo au ndizi mbichi. Mvinyo wenye rangi ndogo na nguvu nyingi kiasi hicho si wa kawaida, ndiyo maana Xinomavro hulinganishwa sana na Nebbiolo, zabibu inayotoa mvinyo wa Barolo huko Italia. Ulinganisho huo ni wa tabia, usichukuliwe kuwa ni wa nasaba.

Harufu yake nayo ni ya pekee. Katika mvinyo mchanga kuna stroberi na plamu, lakini kinachoitambulisha hasa ni nyanya, aghalabu nyanya iliyokaushwa juani, pamoja na zeituni na viungo vikavu. Ukizeeka huja ngozi, tumbaku, uyoga na tini kavu. Mtu aliyezoea mvinyo mwekundu wenye harufu ya matunda matamu anaweza kudhani chupa imeharibika. Haijaharibika.

Kitovu chake ni Naoussa, kwenye miteremko ya mashariki ya mlima Vermio katika jimbo la Makedonia la Ugiriki, ambako mashamba mengi yako takriban mita 150 hadi 350 juu ya usawa wa bahari. Jina Naoussa lililindwa kisheria mwaka 1971. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wenye jina hilo lazima uwe wa Xinomavro tupu na ukae kwenye mapipa ya mwaloni angalau mwaka mmoja. Ng'ambo ya pili ya mlima huohuo iko Amyndeon, uwanda wa juu wenye maziwa, baridi zaidi, na wenye udongo wa kichanga mahali pengi. Mchanga huo una faida kubwa: filoksera, mdudu anayeua mizabibu kwa kushambulia mizizi, hastawi ndani yake, kwa hiyo ipo mizabibu mikongwe inayosimama kwa mizizi yake yenyewe bila kupandikizwa kwenye shina la kigeni. Amyndeon hutoa pia mvinyo wa rangi ya waridi na ule wa mapovu kutokana na zabibu hii, maana uchachu mwingi unaomtesa mtengenezaji wa mvinyo mwekundu ndio hasa unaohitajika kwenye mapovu. Goumenissa, eneo jingine la Makedonia, huichanganya na zabibu iitwayo Negoska, isiyopungua asilimia 20, ambayo huongeza rangi na kulainisha. Rapsani, kwenye miteremko ya mlima Olympus, huichanganya na zabibu za Krassato na Stavroto.

Mkulima hapati usingizi na mzabibu huu. Una nguvu nyingi za kuota. Ukiachwa huzaa vishada vingi mno, na kila kishada kikapata sukari na rangi kidogo huku uchachu ukibaki uleule. Ndiyo sababu vishada hupunguzwa wakati wa kiangazi, na majani yanayovifunika huondolewa ili upepo upite. Udongo wenye rutuba nyingi hauufai, lakini ukavu mkali nao huufanya usimame kuiva. Shida kubwa zaidi ni kwamba huchelewa: huvunwa kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, wakati mvua za vuli zinapoanza. Tunda zake zimebanana, na maji yakiingia katikati ya kishada kuoza huanza ndani kabla hakujaonekana nje. Mkulima hujikuta kati ya mawili: avune mapema apate tanini mbichi, au asubiri apoteze sehemu ya mavuno. Njia mojawapo ya kuamua ni kutafuna mbegu. Zikiwa za kijani na chungu, bado. Zikiwa za kahawia na kukatika kama karanga iliyokaangwa, wakati umefika.

Kiwandani kosa la kawaida ni kutaka kumlazimisha Xinomavro awe mweusi. Rangi iko kwenye maganda, lakini ni kidogo. Ukiyasugua na kuyakandamiza kwa nguvu hupati rangi zaidi, unapata ukakasi wa mbegu. Mtengenezaji mwangalifu huondoa vikonyo, huepuka kuponda mbegu, na hulowesha maganda kwenye juisi baridi siku kadhaa kabla hamira haijaanza kazi, kwa sababu rangi hutoka mapema katika maji ilhali tanini ya mbegu hutoka zaidi pombe inapoongezeka. Baada ya hapo kinachobaki ni muda. Pipa jipya dogo huharakisha ulainifu, lakini harufu yake ya vanila na moshi hufunika nyanya na zeituni kwa urahisi. Kwa maoni yetu mapipa makubwa yaliyokwisha kutumika huiheshimu zabibu hii zaidi.

Kwenye lebo tafuta neno Naoussa au Amyndeon pamoja na herufi za Kigiriki ΠΟΠ, yaani jina la asili linalolindwa. Chupa nzuri ya Naoussa hunyweka vizuri zaidi ikifikisha miaka mitano au zaidi tangu mavuno, na zile bora huvuka miaka ishirini. Ukiwa na iliyo changa, imimine kwenye jagi pana saa moja au mbili kabla ya mlo. Joto la nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi linatosha; ikiwa baridi sana ukakasi huzidi, ikiwa na joto pombe hupanda puani. Usiinywe peke yake. Mafuta na protini ya nyama huishika tanini, kwa hiyo mwanakondoo wa kuoka au nyama iliyopikwa polepole kwenye mchuzi wa nyanya huilainisha papo hapo, na uchachu wa nyanya hukutana na uchachu wa mvinyo bila mmoja kuuzidi mwingine. Samaki mwenye mafuta akiliwa na mvinyo huu huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni.

Ikibaki nusu chupa, izibe uiweke kwenye jokofu, kisha itoe nusu saa kabla ya kunywa. Kwa Xinomavro changa, siku ya pili mara nyingi ukakasi umelegea na harufu imefunguka kuliko siku ya kwanza.