Kichupa cha kurefusha mtoto: peptidi zinazoamsha homoni ya ukuaji

Mama mmoja mkazi wa Mbagala alinijia na kichupa kidogo, kakifunga kwenye kanga pamoja na kipande cha barafu. Barafu ilikuwa imeshayeyuka kwenye daladala na kanga imelowa. Ndani ya kichupa mlikuwa na unga mweupe uliogandamana chini, haujai hata ncha ya kijiko.

"Dokta, kanipa mdogo wangu. Anasema jimu wanajichoma, inaamsha homoni. Nimchome mwanangu arefuke?"

Mwanawe ana miaka 11 na ndiye mfupi kuliko wote darasani. Mama yule nilimjibu siku ileile, lakini swali lake nalisikia pia kwa vijana wa mazoezi wa Sinza na Kinondoni, na linastahili jibu refu kidogo.

Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Haitoki mfululizo kama maji ya bomba. Hutoka kwa mikupuo, na mkupuo mkubwa huja usiku usingizi unapokuwa mzito. Ubongo ndio unaoiongoza tezi: homoni moja huichochea, nyingine iitwayo somatostatini huituliza. Peptidi za kwenye vichupa, yaani minyororo mifupi ya asidi amino (vijenzi vya protini), si homoni ya ukuaji. Homoni yenyewe ni mnyororo wa asidi amino 191, wakati peptidi mashuhuri ya kundi hili, GHRP-6, ina asidi amino sita tu. Kazi yake ni kuipigia tezi hodi ili itoe ilichonacho.

Namna zilivyogunduliwa inanivutia hadi leo, kwa sababu ufunguo ulichongwa kabla mtu yeyote hajauona mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane, Marekani, na wenzake walikuwa wakibadilisha molekuli zinazofanana na zile ambazo mwili hujitulizia maumivu. Baadhi ya walizozitengeneza hazikutuliza maumivu tena, ila ziliifanya tezi itoe homoni ya ukuaji. GHRP-6 ikafuata mwaka 1984. Lakini zilikuwa zikigusa wapi? Kipokezi chake, yaani ule mlango wa kwenye seli unaopokea ujumbe, kilipatikana mwaka 1996. Na mwenye ufunguo halisi, homoni ya mwili wenyewe inayokifungua kipokezi hicho, alijulikana mwaka 1999, pale Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao wa Japani walipoipata ndani ya tumbo la panya. Wakaiita ghrelini. Ni homoni ileile inayotutia njaa, na ndiyo maana anayejichoma GHRP-6 hushikwa na njaa isiyo ya kawaida.

Utafiti huo umezaa dawa za kweli. Tesamorelini, inayoiga homoni ya ubongo inayoichochea tezi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa watu wanaoishi na VVU waliojaa mafuta tumboni. Waliotumia dawa za zamani za kufubaza virusi hapa kwetu wanaijua hali hiyo: mashavu na miguu inakonda, tumbo linakua. Macimorelini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hunywewa mara moja hospitalini, kisha damu hupimwa kuona kama tezi inaitika. Japani nayo iliidhinisha anamorelini mwaka 2021 kwa wagonjwa wa baadhi ya saratani wanaokonda. Kila moja ina mgonjwa wake na kipimo chake.

Vijana wangu wa jimu, hapa naomba msome taratibu. MK-677 si peptidi, ni dawa ya kumeza, lakini hufungua mlango uleule. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la miaka miwili kwa wazee 65 wenye afya. Uzito wa mwili usio mafuta uliongezeka. Nguvu haikuongezeka, na sukari ya damu ilipanda. Jaribio jingine, la wazee waliovunjika nyonga, lilisimamishwa mapema kwa hofu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Mwili uliojaa kwenye kioo unaweza kuwa umejaa maji tu. Na kwa mwanamichezo wa mashindano, kundi hili lote limepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, hata nje ya msimu.

Sasa kile kichupa. Lebo yake ilisema kwa Kiingereza kwamba ni cha utafiti tu, si cha kutumiwa na binadamu. Maana yake hakuna aliyethibitisha kilichomo, kiasi chake, wala kama hakina vijidudu. Hakikuwa na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Hakuna ajuaye kilikaa juani siku ngapi, kwa joto letu hili na umeme unaokatika. Wanaochangia bomba la sindano huambukizana homa ya ini na VVU, hata kama dawa yenyewe ingekuwa safi.

Mtoto mfupi hachomwi sindano kwa kukisia. Upungufu wa homoni ya ukuaji upo, ila ni nadra. Mara nyingi tunakuta lishe duni, selimundu, tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, au wazazi wafupi tu. Linalotuonyesha tatizo ni kasi ya kukua, na kasi haionekani kwa kupima siku moja.

Nilimsimamisha kijana ukutani bila viatu, visigino vimegusa ukuta. Sentimita 131. Nikaiandika kwenye daftari lake, nikamwandikia apimwe damu, nikamwomba mama aje na kadi ya kliniki ya utotoni, ile yenye mistari ya uzito. Tutampima tena baada ya miezi sita. Kichupa aliniachia kiteketezwe, akaondoka na kanga yake iliyolowa.