Maana ya ushirikiano wa kikanda katika kubiasharisha utafiti wa vyuo vikuu

Ushirikiano wa kikanda katika ubiasharishaji wa utafiti ni mpango ambao vyuo vikuu na taasisi za utafiti zilizo katika eneo moja, liwe ni sehemu ya nchi au kundi la nchi jirani, huunganisha wataalamu, fedha na taratibu zao ili uvumbuzi uliopatikana maabara ulindwe kisheria, uendelezwe na hatimaye umfikie mtumiaji. Njia za kumfikia kwa kawaida ni mbili: kampuni iliyopo hupewa leseni ya kuutumia uvumbuzi huo kwa kulipa mrabaha, au kampuni mpya huanzishwa kwa ajili hiyo. Dhana hii isichanganywe na ushirikiano katika utafiti wenyewe, kwa maana watafiti wa vyuo kadhaa wanaweza kuandika makala pamoja kwa miaka mingi bila lolote kati ya matokeo yao kufika sokoni.

Sababu ya kuungana inaonekana mtu anapoitazama kazi inayofuata baada ya ugunduzi. Lazima apatikane wa kuchunguza kama uvumbuzi ni mpya kweli, wa kuandika maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria inayomzuia mwingine kuutumia uvumbuzi bila idhini ya mwenyewe, wa kuzifahamu kampuni zinazoweza kuuhitaji, na wa kujadiliana nazo juu ya bei na masharti. Anayelijua soko la dawa aghalabu halijui soko la vifaa vya umeme. Chuo cha ukubwa wa wastani hupokea taarifa chache za uvumbuzi kila mwaka, tena kutoka fani zisizohusiana, kwa hiyo hakiwezi kumwajiri mtaalamu wa kila fani. Zaidi ya hayo, mapato ya leseni hayagawanyiki sawasawa: hataza nyingi haziingizi chochote, na chache sana huingiza karibu fedha yote. Vyuo vitano vikikusanya uvumbuzi wao pamoja, hupata wataalamu ambao kimoja kisingewamudu, na hasara ya hataza moja haiiangushi ofisi nzima.

Mfano mmoja wa zamani unaeleza mengi. Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walibuni njia ya kuunganisha vipande vya DNA na kuvizalisha ndani ya bakteria. Vyuo hivyo viwili, vilivyo katika eneo moja, vilikubaliana kwamba Stanford isimamie leseni kwa niaba ya vyote na mapato yagawanywe. Kabla hataza ya kwanza haijafikia mwisho wake mwaka 1997, kampuni 468 zilikuwa zimechukua leseni, na hatimaye mapato yalifikia takriban dola milioni 255. Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa imechapishwa Novemba 1973, ilhali maombi ya hataza yaliwasilishwa Novemba 1974. Sheria ya Marekani ilitoa nafasi ya mwaka mmoja baada ya kuchapisha, lakini nchi nyingi nyingine hazikuwa na nafasi hiyo, na haki za nje ya Marekani zikapotea. Mtafiti aliyezoea kuchapisha mapema anahitaji mtu wa karibu wa kumtahadharisha kwa wakati, na mtu huyo ndiye ambaye vyuo vidogo hukosa vinapofanya kazi kila kimoja peke yake.

Pengo jingine ni la fedha. Ngazi 9 za ukomavu wa teknolojia, zinazopima umbali ambao uvumbuzi umefika kutoka wazo la awali hadi matumizi halisi, na ambazo asili yake ni shirika la anga la Marekani, NASA, husaidia kulieleza. Ruzuku za utafiti hugharimia ngazi za mwanzo na wawekezaji hupendelea za mwisho, huku ngazi za kati, ambako kielelezo cha majaribio hutengenezwa na kupimwa, zikibaki bila mfadhili. Hapa ndipo naona ushirikiano wa kikanda una faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Ufaransa ilianzisha kampuni za kikanda zinazojulikana kama SATT, ambazo wanahisa wake ni vyuo na taasisi za utafiti pamoja na serikali, na ambazo hugharimia hatua hiyo ya kati. Kaskazini mwa Uingereza, vyuo vikuu vya Leeds, Manchester na Sheffield vilianzisha kampuni ya uwekezaji ya Northern Gritstone mwaka 2021, ili kampuni changa zinazotokana na utafiti wa eneo hilo zipate mtaji bila kuhamia London.

Ushirikiano wa nchi kadhaa una sura tofauti kidogo, kwa sababu hataza huishia mipakani. ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu barani Afrika lenye makao yake Harare, Zimbabwe, huruhusu ombi moja litaje nchi wanachama kadhaa, chini ya itifaki ya mwaka 1982. OAPI ya Yaoundé, Kamerun, shirika kama hilo ambalo nchi zake nyingi hutumia Kifaransa, hutoa hati moja inayotumika katika nchi zake zote 17. Mifumo hii hupunguza gharama, lakini hataza peke yake haimtafutii mvumbuzi mteja.

Jambo gumu zaidi ni umiliki, na ndilo huahirishwa mara nyingi. Nchini Marekani, kila mmiliki mwenza wa hataza anaweza kuitumia au kuitolea leseni bila idhini ya mwenzake wala kumgawia mapato, iwapo hakuna mkataba unaosema vinginevyo. Nchini Uingereza, leseni huhitaji ridhaa ya wamiliki wenza wote. Vyuo vya nchi mbili visivyoandikiana mkataba mapema vinaweza kujikuta kimoja kimefungwa mikono huku kingine kiko huru. Kwa hiyo mkataba mzuri hutaja, kabla ya uvumbuzi wowote kupatikana, nani atalipia hataza, nani atajadiliana na kampuni, mvumbuzi atapata fungu gani, na hataza zilizosajiliwa kwa pamoja zitasimamiwa na nani iwapo chuo kimojawapo kitajitoa. Kifungu hicho cha mwisho kisiachwe: hataza hudumu hadi miaka 20 tangu kuombwa, na ni viongozi wachache wa vyuo wanaokaa madarakani muda mrefu kiasi hicho.