Mto wa mchanga na tuta la udongo: bwawa la mafuriko hujengwa ili likae tupu

Kiangazi kikikaza Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, akina mama hushuka mtoni na jembe pamoja na ndoo. Mto wenyewe ni mchanga mtupu, mbuzi wanauvuka bila kulowa kwato. Lakini chimba hadi kiunoni: mchanga unageuka rangi, unakuwa mzito, kisha maji yanajikusanya taratibu chini ya shimo na mtu anaanza kuyachota kwa kopo. Shimo hilo lina somo kubwa kuhusu mito ya nchi kame. Mto wa namna hii ukikauka juu, chini ya mchanga bado unatembea. Anayelaza tuta la bwawa juu ya mchanga ule bila kuchimba mtaro hadi kwenye mwamba au udongo mgumu, na kuujaza mfinyanzi ulioshindiliwa, maji yatapita chini ya tuta lake usiku na mchana.

Nimekuwa mhandisi wa maji kwa miaka mingi, na kila tunapofanya mikutano na wananchi swali moja hurudi: kwa nini serikali isijenge bwawa moja kubwa la udongo, lizuie mafuriko na hapo hapo linyweshe ng'ombe? Swali ni la haki. Mvua ya Karamoja haiishii Karamoja. Mito kama Lokok na Lokere huteremka magharibi hadi mabonde ya Teso na Ziwa Bisina, na wakazi wa huko hawajasahau mwaka 2007, mafuriko yalipozidi hadi hali ya dharura ikatangazwa. Mfugaji wa juu analia ukame, mkulima wa chini analia gharika, na mara nyingi maji yanayowaliza ni yale yale.

Tupige hesabu. Chukua bonde la kilomita za mraba 100, ambalo kwa mito yetu si kubwa. Inyeshe milimita 50 kwa alasiri moja. Ardhi ikiwa imekauka, imekanyagwa na mifugo na kuwa kama sakafu, tuseme theluthi moja hivi ya maji haizami, inakimbilia mtoni. Hiyo ni zaidi ya mita za ujazo milioni moja na nusu, na zote zinafika ndani ya saa chache. Ndiyo maana watu wanasikia mngurumo mtoni wakati kwao jua linawaka: mvua imenyesha mlimani, maji ndiyo kwanza yanafika.

Kazi ya bwawa la mafuriko ni kuyapokea maji hayo kwa pupa na kuyaachia kwa kipimo. Chini ya tuta kuna bomba au handaki linalotoa kiasi ambacho mto wa chini unaweza kubeba bila kufurika. Yanayozidi hapo yanangoja nyuma ya tuta, na baada ya siku au majuma kadhaa yameisha. Bwawa likishakuwa tupu, limekuwa tayari kwa mvua inayofuata. Likikutwa limejaa, gharika ya pili italipita kana kwamba halipo. Huo ndio ugumu wa swali la wananchi: bwawa la mafuriko linataka nafasi tupu, lambo la mifugo linataka maji.

Marekani, katika jimbo la Arizona, wanayo mabwawa ya namna hii tangu zamani. Bwawa la Painted Rock kwenye mto Gila, tuta la udongo na mawe lililomalizika 1960, miaka mingi ukipita unaona uwanda mkavu nyuma yake na kujiuliza lilijengwa la nini. Mwaka 1993 mvua ziliporudi moja juu ya nyingine, lilijaa hadi maji yakapita utoroni, yaani njia ya kando ya kutolea maji yaliyozidi. Kaskazini-magharibi ya hapo kuna Alamo, kwenye mto Bill Williams, lililokamilika 1968, tuta la udongo lenye urefu wa mita 86 hivi kwenda juu. Wao walipata njia ya kuunganisha kazi mbili: sehemu ya chini ya bwawa ni ya tope, juu yake kuna ziwa dogo la kudumu, na nafasi kubwa iliyobaki huachwa kwa ajili ya mafuriko. Inawezekana, lakini angalieni urefu wa tuta hilo. Kila kazi unayoongeza unailipia kwa kimo, na kimo cha tuta la udongo ni pesa, kwa sababu likipanda juu ni lazima litanuke pande zote mbili chini.

Malambo yetu makubwa, kama Kobebe kule Moroto, Arechet kule Napak na Longoromit kule Kaabong, yalijengwa kwa ajili ya maji ya mifugo na watu. Wafugaji wa Turkana kutoka Kenya nao huja Kobebe na mifugo yao kiangazi. Tusiyabebeshe mzigo ambao hayakuundwa kuubeba. Kwa maoni yangu, mahali penye shida ya mafuriko tuache kutafuta bwawa moja la kumaliza yote. Tujenge mengi ya kiasi huko juu kwenye vijito, na tuirudishie ardhi nyasi zake ili theluthi ile ipungue.

Sasa tuta lenyewe. Watu wengi wanadhani ni rundo la kifusi. Tuta zuri lina moyo wa mfinyanzi katikati, uliomwagwa kwa tabaka nyembamba za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka ikilowanishwa kiasi na kushindiliwa na mtambo wenye meno kama kwato. Pembeni ya moyo kuna mchanga uliochaguliwa kwa kipimo, ambao kazi yake ni kuruhusu maji yanayopenya yatoke huku ukizuia chembe za mfinyanzi zisitoke nayo. Upande wa maji hupangwa mawe, ili mawimbi yasiule udongo. Tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo halitutishi. Likianza kuvuja udongo, hapo linakufa.

Adui wa pili ni maji kupita juu. Zege likipitiwa na maji linaweza kuvumilia, udongo unachimbika. Ndiyo maana kando ya tuta huwekwa utoro, mfereji mpana ulio chini kuliko kilele, ili maji yakizidi yatokee hapo.

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023, mji wa Derna nchini Libya ulionyesha dunia gharama ya jambo hili. Juu ya mji, kwenye korongo la Wadi Derna ambalo siku nyingi za mwaka halina maji, kulikuwa na mabwawa mawili ya mawe na udongo yenye moyo wa mfinyanzi, yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa sababu mji ulikuwa umeshagharikishwa mara kadhaa. La juu, Bu Mansour, lilikuwa na kimo cha mita 75. La chini, Al-Bilad, lilikuwa na mita 45 na lilikaa kilomita moja tu hivi kutoka mjini. Kimbunga Daniel kikashusha mvua ambayo haijawahi kurekodiwa huko: mji wa Al-Bayda ulipata milimita 414 kwa saa 24. La juu likashindwa, maji yake yakaliangukia la chini, na maelfu ya watu waliokuwa wamelala wakasombwa hadi baharini. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu Abdelwanees Ashoor wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alikuwa ameandika kwamba mabwawa yale yanahitaji matengenezo ya haraka. Karibu zaidi na kwetu, Mei 2018 tuta la udongo la shambani lilipasuka Solai, Kenya, usiku vilevile, likaua zaidi ya watu 40.

Nasema haya kwa sababu ya kitu nilichokiona mwenyewe. Nilifika kwenye lambo moja, mvua zikiwa ndiyo zinaanza, nikakuta utoro umezibwa. Magunia ya udongo yamepangwa kwa ustadi kabisa, mistari mitatu, na miiba juu yake ili mbuzi wasiyabomoe. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Injinia, haya maji tumeyalilia miezi sita. Mbona nyinyi mnayaachia njia?" Sikuwa na jibu la haraka, maana uchungu wake ni wa kweli. Tulipanda naye hadi kileleni, nikamwonyesha mahali ng'ombe walipokata njia yao, tuta limebonyea. Nikaweka fimbo yake usawa kutoka kwenye magunia hadi pale. Akaona kwamba magunia yamefikia kimo cha bonyeo, na kwamba maji yakijaa yatachagua njia ya ng'ombe. Magunia yaliondolewa siku hiyo hiyo, naye ndiye aliyelibeba la kwanza.

Kwa hiyo, wewe unayeishi karibu na lambo, tembea juu ya tuta angalau mara moja kwa mwezi, na kila siku mvua zikishika. Kichuguu kwenye tuta si pambo: mchwa wanachimba vijia ndani, na maji hupenda kijia kilichokwisha tengenezwa. Mti ung'olewe ukiwa mche. Ukiachwa ukakomaa kisha ukafa, mizizi inaoza na kuacha mabomba. Ng'ombe wanyweshwe kwenye mabirika ya chini, wasipande tuta.

Halafu zunguka nyuma, chini ya tuta, upande usio na maji. Ukikuta panatiririka, kinga maji kwenye chupa safi ya plastiki, iache itulie, uangalie. Yakiwa meupe, yaani safi yasiyo na rangi, weka kigingi mahali pale, waarifu watu wa maji wa wilaya, na urudi kesho yake kupima tena. Yakiwa na rangi ya udongo, au jana yalikuwa meupe na leo yamechafuka, anza na nyumba zilizo bondeni: watu watoke wapande juu, usiku au mchana. Simu ya wilaya utaipiga ukiwa njiani.