Ukianza kazi Uingereza: nini kinakatwa kwenye benefiti (msaada wa fedha wa serikali), na nyumba inakuwaje

"Nikichukua hii kazi, watanipokonya nyumba?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na akina mama waliotoka Kongo, na vijana wa Mombasa, na Watanzania waliokaa hapa miaka mingi lakini bado wanamwogopa karani wa Jobcentre, ofisi ya serikali ya ajira na benefiti. Kazi yangu ni ushauri wa benefiti hapa Uingereza. Huwa najibu kwamba kwa watu wengi, hapana, hakuna anayekupokonya nyumba. Ila kabla hujasaini mkataba nataka kujua mambo mawili: unaishi kwenye nyumba ya aina gani, na mshahara utaingia tarehe ngapi. Kiasi cha mshahara nakiuliza baadaye, na watu hushangaa.

Hofu hii haikuzuka hivi hivi. Kwenye mfumo wa zamani, aliyekuwa kwenye Income Support, msaada wa wenye kipato kidogo, akifikisha saa 16 za kazi kwa wiki alitolewa kabisa. Saa 16 zikabaki vichwani mwa watu, na mpaka leo mtu anaweza kukataa shifti ya nne kwa sababu shangazi yake alimwambia hivyo mwaka 2008. Universal Credit, msaada wa kila mwezi uliochukua nafasi ya mfumo huo, haina kikomo cha saa. Inaangalia pesa iliyoingia ndani ya mwezi wako wa hesabu (kipindi cha mwezi mmoja ambacho si lazima kianze tarehe moja), na kwa kila pauni moja ya mshahara inakata peni 55. Mwanzoni ilikuwa peni 65, ikawa 63 mwaka 2017, na ikafika 55 mwishoni mwa 2021. Mshahara unaohesabiwa ni ule unaobaki baada ya kodi ya mapato, bima ya taifa na mchango wa pensheni.

Wenye watoto, na wale ambao ugonjwa au ulemavu umethibitishwa kuwa unawapunguzia uwezo wa kufanya kazi, wana sehemu ya mshahara isiyoguswa kabisa. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, ambao viwango vyake ndivyo nitakavyotumia humu, sehemu hiyo ni pauni 411 kwa mwezi ikiwa Universal Credit inakulipia na kodi ya nyumba, na pauni 684 ikiwa haikulipii. Kijana mzima asiye na mtoto hana hata peni moja ya namna hiyo. Kwake makato yanaanza kwenye pauni ya kwanza, na akitoa nauli ya basi anaweza kujiuliza anafanya kazi kwa faida ya nani.

Tuchukue mama mmoja anayelea watoto wawili peke yake, nje ya London, ana umri wa miaka 32. Mtoto wa kwanza alizaliwa 2015, wa pili 2018. Nyumba ni ya kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, kodi pauni 520 kwa mwezi. Bila kazi anapata pauni 400.14 zake mwenyewe, 339 za mtoto wa kwanza, 292.81 za wa pili, na 520 za nyumba. Jumla ni kama pauni 1,552. Sasa amepata kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, saa 20 kwa wiki kwa kima cha chini cha pauni 12.21. Mkononi, kama hachangii pensheni, zitaingia kama pauni 1,055 kwa mwezi. Toa 411 zisizoguswa, zinabaki 644. Peni 55 kwa kila pauni ya hizo ni kama pauni 354. Universal Credit inashuka hadi karibu 1,198, lakini ukijumlisha na mshahara nyumbani zinaingia 2,253. Amepanda kwa pauni 700.

Si zote zitabaki mfukoni. Watoto wakienda kwenye klabu ya baada ya shule, Universal Credit inarudisha asilimia 85 ya gharama, kwa hiyo bili ya pauni 300 yeye anabeba 45. Tangu 2023 anayeanza kazi anaweza kuomba malipo ya kwanza ya klabu yalipwe kabla, badala ya kukopa ndipo arudishiwe. Lazima aombe mwenyewe kwa mshauri wake wa Jobcentre, maana si wote wanaokumbuka kulitaja. Punguzo la kodi ya kaunsili (Council Tax, ambayo si kodi ya kupanga nyumba) nalo litapungua, na kila kaunsili ina kanuni zake. Halafu kuna dawa. Kwa England, mwenye mtoto kwenye Universal Credit hapati tena dawa za bure kwa kigezo hicho mshahara wake wa mwezi ukizidi pauni 935, na watu huendelea kuweka alama ile ile kwenye fomu ya famasia mpaka barua ya faini iwafikie. Pesa ya watoto, Child Benefit, haiguswi kwa mshahara wa kiwango hiki. PIP, malipo ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, haitazami mshahara hata kidogo.

Sasa tarehe. Kampuni nyingi za kea na usafi hulipa kila wiki nne, si kila mwezi. Mwaka una malipo 13 ya namna hiyo lakini miezi ya hesabu ni 12, kwa hiyo lazima mwezi mmoja upokee mishahara miwili. Mama yule yule akilipwa hivyo, mwezi wa kawaida atapata Universal Credit ya kama pauni 1,240, na mwezi wa mishahara miwili itaanguka hadi karibu 700. Tena haianguki siku mishahara inapoingia. Malipo huja wiki moja baada ya mwezi wa hesabu kufungwa, wakati mshahara wa ziada umeshanunua viatu vya shule na mwingine umeshakwenda nyumbani kwa M-Pesa. Kodi inachelewa, mwenye nyumba anaandika barua, na mtu anaapa kwamba kazi ndiyo iliyomponza.

Kwa hiyo mtu akija na barua ya ajira, namwomba afungue akaunti yake ya Universal Credit kwenye simu, tuone mwezi wake wa hesabu unaanza na kuisha tarehe ngapi, kisha tunaweka alama kwenye kalenda kila siku ya mshahara. Mwezi wenye alama mbili tunauzungushia kalamu nyekundu. Na kama Universal Credit itafika sifuri kabisa mwezi huo, madai yanaweza kufungwa. Ukiomba tena ndani ya miezi sita, njia ni fupi na tarehe zako zinabaki zile zile, lakini ni lazima uombe. Usikae ukisubiri ijifufue yenyewe.

Yote hayo ni kwa waliopanga nyumba ya kawaida. Walio hosteli, kwenye nyumba za usaidizi, au nyumba za muda walizowekwa na kaunsili baada ya kukosa makazi, hesabu yao ni nyingine, na hapa ndipo mimi mwenyewe huwa mwoga. Kodi yao hailipwi na Universal Credit. Inalipwa na Housing Benefit, kutoka kaunsili. Maadamu unapata Universal Credit, hata iwe pauni mbili, kaunsili haikati chochote kwa ajili ya mshahara. Kwa kanuni za 2025/26, siku inapofika sifuri, kaunsili inafanya hesabu yake upya kwa kanuni za zamani na kukata peni 65 kwa kila pauni inayozidi kiwango chake.

Kijana wa miaka 27, yuko hosteli, hana mtoto. Akifanya saa 13 kwa wiki kwa kima cha chini, anapata kama pauni 688 kwa mwezi, Universal Credit inabaki kama pauni 22, na kodi ya hosteli inalipwa yote. Meneja anampenda, anamwongezea saa mbili. Saa 15 ni kama pauni 794, Universal Credit imekwisha, na sasa kaunsili inamtaka achangie kama pauni 56 kila wiki, sawa na zaidi ya 240 kwa mwezi. Ameongezewa pauni 106 na kupoteza zaidi ya 260. Kijana hana kosa, na meneja hana kosa. Kanuni mbili zimetungwa bila kuzungumza, na kwa maoni yangu ni aibu, kwa sababu walioko hosteli ndio hasa wanaohitaji kujenga mazoea ya kazi. Huyu namshauri abaki kwenye saa zake 13, au arukie kazi ya saa nyingi huku tukimtafutia nyumba ya kawaida. Katikati pale asikae.

Kuna wanaoongezewa msaada kwa sababu ya kazi, ingawa wengi hawaamini. Familia kubwa ya London ambayo benefiti zake zimewekewa dari ya pauni 25,323 kwa mwaka mara nyingi hukatwa fungu ambalo lingelipa kodi ya nyumba. Mshahara wa kaya ukifika pauni 846 kwa mwezi (kiwango cha 2025/26), dari inaondoka.

Mwenye visa inayomkataza fedha za umma, yaani benefiti kama hizi, asijaribu hesabu yoyote ya hapo juu kwa jina lake; azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu ombi moja tu linaweza kumharibia visa.

Na kama kodi yako inatumwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, fahamu kwamba mshahara ukipanda, kiasi anachotumiwa kinaweza kupungua na wewe ndiye unayetakiwa kujazia. Soma taarifa ya malipo kwenye akaunti yako kila mwezi, tazama mstari wa kodi ya nyumba, na tofauti uilipe siku hiyo hiyo.